Swali Lililolala Chini ya Hapana

Siku ya Alhamisi, saa tano na dakika ishirini asubuhi, Nermana Dizdar alifuta swali la maneno matatu kwenye fomu ya manispaa ya Podlipje, kisha akala tufaha. Tufaha lilikuwa chachu kidogo, lakini alilimaliza, kwa sababu alikuwa mtu wa kumaliza mambo.

Fomu ilikuwa ya kuni. Kila vuli manispaa iligawa kuni kwa wazee waliotimiza miaka sabini, na mwaka huo, kwa mara ya kwanza, hakuna mzee aliyetakiwa kupanga foleni kwenye korido na vyeti vyake ndani ya mfuko wa nailoni. Mzee angefungua simu, au angefunguliwa na mjukuu, na angekutana na swali moja: Je, unahitaji msaada wa kuni majira haya ya baridi? Chini yake palikuwa na viduara viwili, Ndiyo na Hapana. Akigusa Ndiyo, fomu ilijifungua kwa adabu kama droo, na maswali mengine matatu yakajitokeza kando ya mstari wa buluu: Kiasi gani? Tangu lini? Unaishi na nani? Akigusa Hapana, maswali hayo yalibaki yamelala yalipolala, ili asiyeyahitaji asisumbuliwe nayo. Kuficha swali mpaka siku yake ndiyo ilikuwa kazi ya Nermana, na katika kazi hiyo hakuwa na mpinzani mjini, kwa kuwa hakukuwa na mwingine aliyeifanya.

Mwanzoni hata Hapana ilikuwa na lake la kufunua. Mtu akiigusa, palitokea swali dogo, la herufi nyembamba: Hata kidogo tu? Nermana alilitia kwa sababu alizaliwa Podlipje. Podlipje mtu aliyelelewa vizuri hakubali kitu mara ya kwanza. Akikaribishwa kahawa anasema hapana, nimetoka kunywa sasa hivi. Mwenyeji anamsihi. Mgeni anasema hapana, usijisumbue. Mwenyeji anasihi tena, safari hii kwa hasira kidogo, na mgeni anasema basi, tone tu, halafu anakunywa vikombe vitatu na kula nusu ya pita, kile chakula cha unga cha matabaka cha kuoka. Anayekubali mara ya kwanza huhesabiwa kuwa mgonjwa, au kuwa amefanya kazi Ujerumani.

Lakini Bwana Ćatić, mkuu wa idara, alitaka fomu yote ienee kwenye skrini moja ya simu, bila mtu kusogeza kidole. Siku iliyofuata kulikuwa na maonyesho mbele ya manispaa nyingine kumi na nne, na fomu ilizidi kwa mistari miwili. Nermana aliitazama kutoka juu mpaka chini akitafuta cha kuondoa. Nembo ya manispaa, yenye mnara, samaki na shoka, ilikula mistari sita, na haikugusika. Swali dogo lilikuwa na mistari miwili kamili. Hakuna aliyemwambia alifute hilo. Alilichagua mwenyewe.

Mchana alipanda mtaa wa juu kwenda kuijaribu fomu kwa mzee wa kweli, kama taratibu zinavyotaka. Mzee wa kweli aliyekuwa karibu ni Bibi Hasnija, mjane wa miaka sabini na tisa katika nyumba ya mwisho kabla ya msitu. Nermana alipokuwa mdogo, na mama yake yuko kiwandani, Bibi Hasnija ndiye aliyekuwa akimlisha supu kila mchana na kumfundisha kuandika bila kuruka juu ya mstari.

"Umekonda," alisema Bibi Hasnija mlangoni. "Wanakulisha karatasi huko ofisini?"

"Siku hizi hata karatasi hatuna, Bibi. Kila kitu kiko humu." Nermana alitikisa simu.

"Ndiyo maana."

Wakaketi jikoni. Pembeni mwa jiko palikuwa na kuni za mwaka uliopita, nane. Nermana aliziona na akazihesabu, jambo ambalo baadaye halikumsaidia.

"Nakuuliza swali moja tu, Bibi. Nabonyeza saa halafu nakuuliza. Je, unahitaji msaada wa kuni majira haya ya baridi?"

"Mimi? Hapana, mwanangu. Wapo wenye shida kuliko mimi."

Halafu Bibi Hasnija alikunja mikono juu ya aproni na kumtazama Nermana mdomoni, akingoja.

Nermana aligusa Hapana. Fomu ikasema asante, ombi lako limepokelewa. Akasimamisha saa. Zilikuwa sekunde kumi na moja.

"Tayari?" aliuliza Bibi.

"Tayari."

"Haya mambo yamekuwa mepesi kweli," alisema Bibi Hasnija, akainuka kuweka kahawa.

Kesho yake, mbele ya manispaa kumi na nne, Nermana alionyesha sekunde zake kumi na moja, na watu wakapiga makofi. Podlipje ilipewa cheti cha kioo cha fomu fupi kuliko zote. Bwana Ćatić alikibeba mwenyewe mapajani ndani ya gari, akakifunga mkanda.

Baada ya wiki tatu majibu yaliingia yote. Wazee mia nne na kumi na wawili walijibu. Tisa walisema Ndiyo. Wote tisa walikuwa wamewahi kufanya kazi Ujerumani, ambako mtu akiulizwa anajibu, na wote tisa walikuwa na pensheni ya huko na nyumba zenye joto la mabomba. Manispaa ilitangaza kwamba wazee wa Podlipje wanajimudu kuliko wakati wowote uliopita. Baraza likapiga kura, orodha ikafungwa.

Jumatatu asubuhi Vahid, aliyeandika programu za idara na kukaa meza ya pili kati ya meza mbili za idara hiyo, alifika kazini na njaa.

"Nerma, una mkate?"

"Si jana ulikuwa kwa dada yako?"

"Nilikuwa. Kanikaribisha pita, ile yake ya jibini. Nikasema hapana, nimeshiba. Akafungua mdomo anisihi. Hakikutoka kitu. Akaufunga. Akafungua tena, kama samaki. Nimekaa saa mbili natazama pita inapoa."

"Usingejichukulia?"

"Mimi nimelelewa, bwana." Vahid alisema ndiyo mara ya kwanza alipopewa kipande cha mkate, akatazama huku na huku kama mwizi. Droo nyembamba ikachomoza kwenye ukingo wa meza yake, mahali ambapo tangu meza itengenezwe hapakuwa na droo. Ndani yake mlikuwa na maswali matatu na kalamu ya risasi. Kiasi gani? Tangu lini? Unaishi na nani? Vahid aliandika kipande kimoja, tangu jana, na mke na kasuku. Droo ikarudi ndani ya mbao.

"Na hii je?" aliuliza Nermana.

"Hiyo nayo. Kwa dada, shemeji aliposema ndiyo, ilitoka kwenye friji."

Ilikuwa hivyo mji mzima. Aliyesema ndiyo alifunguliwa droo kutoka kwenye kitu kilicho karibu, iwe meza, ukuta au mlango wa gari, na haikufungika mpaka imejazwa. Aliyesema hapana, jambo lake lilikwisha hapohapo. Mwenyeji angefungua mdomo, pumzi ingetoka, neno lisingetoka. Watu walizoea kabla ya Ijumaa. Fundi seremala wa sokoni alilalamika kwamba droo hazifuati uzi wa mbao, na kwa upande wa malalamiko yalikuwa hayo tu. Fikret, fundi saa, alimposa mjane Ziba baada ya kujipa moyo miaka minne. Ziba akasema hapana, kama mjane yeyote anayejiheshimu, akainamisha macho kungoja asihiwe. Tangu hapo wanasalimiana vizuri tu wanapokutana mbele ya duka la mkate. Kwenye matanga watu walirudi nyumbani na njaa, na waliobaki na msiba wakabaki na masufuria yaliyojaa.

Nermana hakuhitaji kuambiwa. Mstari uliokuwa kando ya maswali, ndani ya kila droo mjini, ulikuwa wa buluu, na buluu hiyo alikuwa ameichagua yeye kati ya buluu kumi na saba.

"Vahid," alisema. "Fomu ya kuni. Hapana ilikuwa na swali chini yake. Nilifuta mimi. Lirudishe."

Vahid hakuondoa macho kwenye kompyuta. "Naweza kulirudisha kwa dakika moja. Lakini fomu imefungwa kwa kura ya baraza. Kuifungua kunataka sahihi ya mkuu." Alinyoosha kidevu kuelekea mlango wa Bwana Ćatić. "Unakwenda kumwambia kwamba kile cheti chake kimetokana na kuwanyima wazee kuni?"

"Nitamwambia."

"Leo?"

"Wiki hii."

"Droo haijatoka," alisema Vahid, akikagua ukingo wa meza ya Nermana. "Maana yake hujasema ndiyo."

Wiki hiyo haikutosha, na iliyofuata ilikuwa na mikutano. Jumamosi Nermana alinunua kuni mwenyewe, za mwaloni uliokaushwa vizuri, akamwomba jirani yake Ševal azipandishe mtaa wa juu kwa trekta. Baridi ilikuwa imeanza kuuma. Bibi Hasnija alitoka uani amevaa makoti mawili, la juu likiwa la marehemu mume wake.

"Nani kafa?" aliuliza, akitazama trekta.

"Hakuna aliyekufa, Bibi. Tumekuletea kuni."

"Mimi? Hapana, hapana. Rudisheni. Mpe mama yako."

Akakunja mikono. Akamtazama Nermana mdomoni, halafu akamtazama Ševal mdomoni, kwa zamu, kwa subira kubwa.

Nermana alifungua mdomo. Alijua maneno. Aliyaona kabisa, na herufi zake nyembamba. Yalifika mpaka kwenye meno, na kwenye meno hapakuwa na kitu. Akasukuma. Ikatoka pumzi nyeupe. Kando yake Ševal naye alikuwa akihema kama ng'ombe aliyepanda mlima.

"Shusha tu," alimnong'oneza Ševal.

"Nishushe vipi? Mwenye nyumba kasema hapana."

"Shusha, nakuambia!"

"Dada, mimi ni mtu wa hapa," alisema Ševal kwa masikitiko, na trekta likageuka. Bibi Hasnija alilisindikiza kwa macho mpaka konani. Alibaki ameacha geti wazi kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kwa trekta moja.

Jumamosi iliyofuata Nermana alikuja na hila. Alikuwa ameipanga wiki nzima, badala ya kwenda kwa Bwana Ćatić.

"Bibi, je, unaweza kumaliza baridi hii bila kuni?"

"Ndiyo, naweza," alisema Bibi Hasnija.

Droo ikatoka chini ya dirisha. Kiasi gani? Tangu lini? Unaishi na nani? Bibi alivaa miwani, akaandika kwa herufi nzuri za shule ya zamani: Kiasi Mungu atakachotaka. Tangu afe Mehmed. Peke yangu. Droo ikafungwa, na pamoja nayo hila ya Nermana.

Jiko halikuwa baridi kabisa. Ndani yake mlikuwa mkiungua kitu chembamba chenye rangi ya kijani, na Nermana alitambua mlango wa kabati la viatu. Mlango wa pili ulikuwa umeegemezwa ukutani, ukingoja zamu. Alikaa bila kuvua koti. Kwa mara ya kwanza aliona kwamba kwa dhambi yake hakukuwa na kitufe, na kwamba ingebidi aiseme kwa mdomo.

"Bibi, siku ile nilipokuuliza na simu. Lilikuwepo swali jingine. La pili. Ukisema hapana, lilikuwa linakuuliza tena."

Bibi Hasnija aliweka miwani mezani. "Likaenda wapi?"

"Lilifutwa."

"Ukalifuta wewe?"

"Ndiyo."

Droo ilitoka kwenye ukuta usawa wa magoti ya Nermana. Haikuwa pana. Maswali yalikuwa yaleyale matatu, kwa sababu aliyeyaandika hakuwahi kufikiri kwamba yangemhusu mtu mwenye hatia.

Kiasi gani? Nermana aliandika: Mistari miwili.

Tangu lini? Aliandika tarehe na saa.

Unaishi na nani? Hapo alikaa. Angeweza kuandika na mama, na ingekuwa kweli, na manispaa isingehitaji zaidi. Kalamu ilikuwa fupi na imetafunwa mwishoni. Aliandika: Na hilo.

Droo ilisita kidogo, kama inayosoma, kisha ikarudi ukutani.

Bibi Hasnija alikuwa amesoma juu ya bega lake, bila aibu, kama alivyosoma madaftari yake ya zamani. "Bado unaruka juu ya mstari," alisema.

"Bibi, nisamehe."

"Ngoja kwanza. Kwa hiyo lilikuwepo."

"Lilikuwepo."

"Mimi nilijua. Nilikaa nikalingoja. Nikajisemea, labda simu yake ina haraka." Bibi aliutazama mlango wa kabati uliobaki. "Na siku ya trekta nilikungoja pia. Nikakuona unavyohangaika, nikakuonea huruma."

"Sema wewe basi! Sema tu, Bibi, nataka kuni. Mimi nipo hapa. Nitaleta leo hii."

Bibi Hasnija alifikiri kweli. Midomo yake ikajikusanya, na Nermana akainuka nusu kwenye kiti.

"Haiji, mwanangu," alisema mwishowe. "Miaka sabini na tisa mdomo huu umefundishwa kitu kimoja. Sasa hivi nitaufundisha Kijerumani?" Akacheka, na mvuke wa kicheko ukaonekana. "Mwambie mkubwa wako alirudishe. Usinirudishie mimi tu. Warudishie wote. Utamwambia?"

"Ndiyo."

Droo nyingine. Nermana alijaza kiasi gani, lote. Tangu lini, Jumatatu. Unaishi na nani, kama hapo juu.

Jumatatu Nermana alivaa shati lake la mikutano. Alibisha mlango wa Bwana Ćatić saa mbili na nusu, kabla simu hazijaanza. Cheti cha kioo kilikuwa dirishani, na jua lililopita ndani yake lilikuwa limechora mstari wa rangi juu ya meza, mpaka kwenye mkono wa mkuu wa idara, aliyekuwa akila kifungua kinywa cha jibini na pilipili za siki.

"Nermana! Ingia, ingia. Nilikuwa namwambia meya habari zako. Nikasema, yule binti haongei sana, lakini anafika." Alijifuta vidole. "Haya. Kuna jambo unataka kuniambia?"

Lilikuwepo. Alikuwa amelibeba ngazi zote tatu, limekamilika, kuanzia kuni nane mpaka mlango wa kijani. Lakini alikuwa ameulizwa mara ya kwanza, na alikuwa mtoto wa Podlipje, na zaidi ya hapo alikuwa mwoga. Mambo hayo matatu yalifika mdomoni pamoja, na hakuna aliyeweza kusema lipi lilitangulia.

"Hapana, Mkuu," alisema.

Akasimama palepale, mikono ameikunja, akamtazama Bwana Ćatić mdomoni.

Kwa watu wengine wa mji, wakati kama huo mdomo ulihangaika. Wa Bwana Ćatić ulitafuna pilipili. Haukufunguka ukafungika, haukutoa pumzi, haukuwa na neno lililokwama popote. "Vizuri," alisema. "Funga mlango ukitoka, joto linapotea."

Kuni ziligawiwa wiki hiyo. Malori tisa yalipeleka mizigo tisa katika nyumba tisa. Mmoja wa wenye nyumba alipiga simu idarani kuuliza kama kuna fomu ya kurudisha, maana zimemzibia gereji. Nermana alimwambia fomu hiyo haipo. Akamuuliza kama angependa kuzigawa kwa jirani mwenye shida. Yule mzee alisema ndiyo, mara moja, akaenda kwa majirani wote wa mtaa wake na kuwauliza mmoja mmoja. Wote walisema hapana. Kuni zimebaki kwenye gereji.

Nermana aliendelea kupanda mtaa wa juu kila Jumamosi. Walikaa jikoni yeye na Bibi Hasnija, wamevaa makoti, wakazungumza habari za watu. Baada ya kabati la viatu uliingia ndani ya jiko ubao wa kusukumia unga, halafu vitanda viwili vya watoto ambao siku hizi wako Austria. Kila alipofika Nermana aliuliza swali la kwanza. Bibi alilijibu, akangoja kidogo, kisha akaanza kuzungumzia kitu kingine ili asimfedheheshe.

Mwezi wa Desemba yalitokea mafanikio mengine. Kila mwaka ukifika wakati huo moshi wa majiko huziba bonde la Podlipje kiasi kwamba watu hukohoa hata kwenye picha za harusi, na shule hufungwa. Mwaka huo kifaa cha kupima hewa juu ya paa la shule kilionyesha rangi ya kijani siku kumi na tisa mfululizo. Watu walikuja kutoka mji mkuu kuhakikisha kama hakijaharibika. Hakikuwa kimeharibika. Bwana Ćatić aliwaita wafanyakazi wake wote wawili dirishani kuwaonyesha.

"Hewa kama ya mlima," alisema. "Na hatukutumia hata ruzuku."

Kweli mji wote ulionekana. Ulionekana mnara wa saa, ulionekana msikiti na kanisa, na mtaa wa juu ulionekana nyumba kwa nyumba, paa kwa paa, na mabomba ya moshi yamesimama juu yake yote safi.

"Tazama, Nerma," alisema Vahid kwa sauti ya chini. "Leo unaona mpaka ile ya mwisho."

Nermana alitazama mpaka ile ya mwisho. Juu ya bomba lake alikuwa ametua kunguru, amejikunyata ndani ya manyoya yake, na kwa kuwa bomba halikumwunguza miguu, hakuwa na sababu ya kuondoka.